Chai Tuliyopewa Nyuma ya Mabati

Kuna video inazunguka kwenye simu za watu. Inaonyesha wasukuma mkokoteni wawili wakiraruana kwenye mteremko wa Jangwani, vigae vimemwagika barabarani, na mmoja kaingiza vidole kooni kwa mwenzake. Kama umeiona, mwenye vidole ni mimi. Aliyeirusha aliandika kwamba tulikuwa tunagombea mwanamke. Wengine wakasema bangi. Siwalaumu, hata mimi ningekuwa siyo mimi ningecheka na kumtumia jirani. Lakini video ile imeanzia katikati. Chai haimo. Mimi nitakusimulia kuanzia kwenye chai, na ukiona nakudanganya, nitafute Kariakoo uutazame mkono wangu wa kulia.

Shule niliacha mapema, na tangu hapo sijakaa sehemu moja nikatulia. Nimekuwa kuli bandarini. Nimeuza viatu vya mitumba Mchikichini. Kuna kipindi nilipepeta karafuu na kusaga mdalasini kwa Mwarabu mmoja mwenye duka la viungo, na huko ndiko ulimi wangu uliposoma kuliko kichwa changu kilivyosoma shuleni. Nikionja kitu lazima nijue kina nini ndani. Nisipojua silali. Ugonjwa huo ninao hadi leo.

Baadaye nikaingia kwenye mkokoteni na Shukuru. Shukuru ni mtu wa Newala, mrefu, kifua kama mlango, Mkristo wa kwenda kanisani kweli. Alikuwa akisukuma anaimba nyimbo za kwaya, na sauti yake ilikuwa mbaya mno. Tulikaa chumba kimoja, Ilala. Nilipopata malaria alinibeba mgongoni hadi zahanati, njia nzima akinitukana kwamba nina mifupa mizito kuliko nyama. Basi jua kwamba huyo ndiye mtu ninayemzungumzia.

Mkokoteni wa watu wawili unakwenda hivi. Wa mbele anashika mikono ya mkokoteni na kuvuta, macho barabarani, nyuma haoni kitu. Wa nyuma anasukuma. Lakini mkifika kwenye mteremko kazi ya wa nyuma inageuka, anakuwa breki. Sisi tulifunga kipande cha tairi kuukuu kule nyuma, na tukianza kuteremka Shukuru alikuwa anakilalia kwa uzito wake wote hadi kinasaga lami. Akikiachia, mzigo mzima unamjia wa mbele mgongoni. Ndiyo maana wa mbele humchagua wa nyuma kwa makini kama anachagua mke. Mimi nilimchagua Shukuru na sikuwahi hata siku moja kugeuka kuangalia kama yupo.

Siku hiyo tulipakia vigae vya kupeleka Magomeni. Maboksi yalipangwa hadi mkokoteni ukalia. Jua lilikuwa la saa nane mchana, lile ambalo hata wapiga kelele wa Mtaa wa Kongo wanapunguza sauti. Njia kubwa ilikuwa imeziba, tukakatiza uchochoro unaopita nyuma ya jengo moja la zamani linalobomolewa. Wamelizungushia mabati. Mbele ya mabati hayo kulikuwa na benchi, jiko la mkaa, birika kubwa, na mzee mmoja amekaa. Alivaa koti, akalifunga vifungo hadi shingoni. Kwenye joto lile, koti. Nililiona hilo nikasema moyoni, labda ana homa.

"Karibuni chai, wanangu," akasema.

"Shikamoo mzee. Ahsante, tuna mzigo."

"Marahaba. Mzigo hauendi bila nyinyi. Kaeni. Ni sadaka, namfanyia marehemu."

Sasa hapo ungekataa wewe? Sadaka ya marehemu haikataliwi. Unapokea, unamwombea aliyekufa, unaendelea na safari yako. Na ukiwa umelelewa vizuri unauliza kwanza marehemu ni nani, ili umwombee kwa jina lake. Sisi tulikuwa na kiu. Hatukuuliza.

"Wewe Mkristo," nikamwambia Shukuru, "sadaka hii haikuhusu."

"Kiu haina dini. Sogea huko."

Mzee akashika birika, lakini hakumimina. Akatuangalia mmoja mmoja. "Nani wa mbele, nani wa nyuma?"

"Huyu wa mbele," Shukuru akanionyesha kwa kidevu. "Nyuma hafai, hana uzito. Upepo ukivuma tunamfunga kamba."

Mzee hakucheka. Alimtazama Shukuru kwa muda, kama fundi anayepima mbao kwa macho. Kisha akachukua kikombe kikubwa cha bati, akamjazia hadi mdomoni. Mimi akanipa kile kikombe kidogo cha kahawa, akaniwekea chai ya kulowesha ulimi tu.

"Mbona mimi hivi?" nikauliza.

"Wa mbele anaonja. Anayekunywa ni wa nyuma."

Ilikuwa chai ya matunda, haina majani ya chai hata kidogo. Nyekundu ya choya, nzito. Nikaizungusha mdomoni. Choya, ndiyo. Ubuyu. Ukwaju kidogo kwa ajili ya ukali. Maganda ya chungwa yaliyokaushwa juani. Nanasi limechemshwa hadi likapoteza umbo. Kisha viungo vikaja vimepangana, mdalasini, karafuu, iliki, tangawizi iliyotwangwa siyo kukatwa, na mwishoni pilipili manga inakuchoma kooni. Niamini, sijawahi kunywa kitu kizuri namna ile. Nikaanza kuvitaja kimoja kimoja kwa sauti.

"Huyu, mzee, usimwone hivi," Shukuru akasema. "Ukimpa maji ya bomba anakwambia haya ya Ruvu Juu, haya ya Ruvu Chini." Akainua kikombe chake akakimaliza bila kupumua. Akajipangusa mdomo.

Lakini chini ya vyote hivyo kulikuwa na kitu kingine. Siyo tunda, siyo kiungo. Kilikuwa kizito na cha baridi, kimekaa chini ya ulimi. Nilikitafuta nikakikosa, na unajua nikikosa nakuwaje.

"Mzee, kuna kimoja sijakijua. Umetia nini kingine?"

"Utakijua."

"Lini?"

"Ukifika kule chini."

Aliinama kuchukua vikombe, na kifungo cha juu cha koti kikaachia. Nikaona kifua chake. Sikioni vizuri hadi leo nikikikumbuka, akili inakataa, lakini kilikuwa kimebonyea ndani kama sufuria iliyokanyagwa. Mtu mwenye kifua kile hawezi kuvuta pumzi. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu tufike sikumwona akivuta pumzi isipokuwa alipotaka kusema. Jiko lake nalo lilikuwa na majivu matupu. Sikuona kaa hata moja jekundu, na ile chai ilikuwa imeniunguza ulimi.

Kwa nini sikukimbia? Nilijiambia ni ajali ya zamani, maskini. Nikajiambia majivu huficha moto. Mtu akishakunywa, kichwa kinatafuta sababu ya kutulia. Nikashika mikono ya mkokoteni tukaondoka.

Hatukuwa tumefika mbali nilipogundua kwamba Shukuru haimbi.

"Vipi, kwaya imefungwa leo?" nikamwuliza bila kugeuka.

Nilisikia ndala zake tu, zikipiga lami nyuma yangu. Pa, pa, pa. Na ndala zile zikaanza kuniudhi. Mwanzoni kidogo, kama mbu. Kisha nikaanza kuwaza jinsi anavyokoroma, jinsi anavyokula wali kwa kelele, jinsi anavyosimulia watu habari ya kunibeba nilipougua. Nikawaza, hivi anadhani yeye ni nani? Tulipofika kituo cha Fire hasira ilikuwa imenijaa. Nilitaka kuachia mikono ya mkokoteni, nigeuke, nimpasue uso kwa kitu chochote. Nilimchukia mtu ambaye asubuhi yake tuligawana chapati moja. Na mimi nilikuwa nimeonja tu. Fikiria aliyemaliza kikombe.

Mteremko ukaanza. Pale unaiona Jangwani yote chini, na mabasi ya mwendokasi yanakupita pembeni kwenye njia yao. Nilingoja sauti ya tairi kusaga lami. Haikuja.

"Shukuru, breki."

Mikono ya mkokoteni ikaanza kunisukuma. Ilitakiwa mimi ndiye niivute.

"Shukuru. Breki, bwana."

Nikaanza kukimbia, siyo kwa kupenda. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi, nikageuza kichwa. Shukuru hakuwa amelala kwenye tairi. Alikuwa ameinama, bega lake limekaa kwenye maboksi, miguu inachimba, anasukuma kwa nguvu zote. Uso ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayesukuma mlango uliokwama.

"Nenda," akasema. Sauti ilikuwa ya mdomo wake lakini haikuwa yake. Ilikuwa kavu, ya yule mzee. "Nenda, wa mbele."

Niliachia nikajirusha pembeni. Mkono mmoja wa mkokoteni ukanipiga mbavuni, nikasikia kitu kikivunjika ndani, na uso wangu ukatua kwenye lami. Mkokoteni ukapita pale nilipokuwa, gurudumu lake likanyofoa ngozi ya kifundo changu, ukaenda kugonga ukingo ukapinduka. Vigae vikapasuka vyote kwa pamoja. Watu waliokuwa kituoni wakapiga mayowe.

Nilikuwa chini, mdomo umejaa. Damu, vumbi la lami, grisi iliyodondoka kwenye ekseli za magari, na kipande cha jino. Nikakizungusha kwa ulimi bila kutaka, ndivyo nilivyozoea. Ndipo nikaijua. Ladha ilikuwa ni ile ile. Kile kitu cha chini ya ulimi, kizito na cha baridi, kilikuwa ni mdomo wangu mwenyewe ukiwa kwenye lami ya Jangwani. Nilikuwa nimekinywa kabla hakijatokea.

Sikupata nafasi ya kukaa na wazo hilo. Shukuru alikuwa anakuja, kashika kipande cha kigae kirefu kama panga. Akanichana kuanzia sikio hadi kwenye bega. Nikamrushia boksi la vigae gotini, akayumba, nikaokota ubao uliochomoka kwenye mkokoteni nikampiga nao usoni. Nikampiga tena. Sasa hapa nakwambia ukweli ambao video haikuonyesha: nilifurahi. Pua yake ilipovunjika nilisikia raha, kama mtu aliyekunywa maji baada ya kufunga. Nilitaka kuendelea hadi uso ule usiwepo.

Lakini Shukuru ni Shukuru. Alinidaka ubao, akanitupa chali juu ya vigae, akanikalia kifuani, akanishika koo. Bodaboda wawili walijaribu kumvuta, mmoja akapigwa kiwiko akaenda kukaa chini. Mwingine akarudi nyuma, akasema, "Huyu siyo mtu mmoja, muache." Wengine wote walikuwa wameinua simu.

Mbavu zangu zilikuwa zinaingia ndani. Nilizisikia. Na nilipogeuza macho nikamwona yule mzee, kasimama katikati ya watu, koti wazi, kile kifua nje, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama. Mimi hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia Shukuru, ametulia, kama mtu anayengoja matokeo ya mpira. Nikaelewa kwamba mimi nikifa pale, kifua changu kitakuwa kama chake.

Kutoka pembeni ya mdomo wa Shukuru ilikuwa inatiririka chai. Nyekundu, inanukia karafuu. Ikanidondokea shavuni, ya moto. Safari yote ile, na bado ilikuwa ya moto.

Nikawaza, iko tumboni. Siyo yeye, ni kitu kilichoko tumboni mwake. Nikachomeka vidole viwili vya mkono wa kulia mdomoni mwake, nikavisukuma hadi kooni.

Aling'ata. Sitakueleza sauti yake. Nilipiga kelele ambayo kwenye video imefanya watu wacheke, lakini sikutoa mkono. Nikasukuma zaidi, kidole kimoja kikiwa hakinitii tena, hadi mwili wake wote ukakakamaa na akatapika. Akanitapikia usoni, mara tatu au nne, chai ile yote, mvuke unatoka. Kisha mikono yake ikalegea kwenye koo langu.

Akanitazama. Macho yalikuwa yake. Akaona damu, akaona bega langu, na nakuapia aliniuliza hivi, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nani kakufanya hivi?"

Akaona kuna kitu mdomoni mwake, akatema mkononi. Kilikuwa kipande cha kidole changu cha shahada. Shukuru alikaa chini katikati ya vigae akalia kama mtoto, na waliokuwa wanarekodi ndipo walipozima simu. Nilipomtafuta yule mzee, hakuwepo.

Nilipotoka hospitali, mbavu zimefungwa na mkono umefungwa, nilirudi kwenye ule uchochoro. Benchi hakuna, jiko hakuna. Pembeni pale anakaa Bi Mwanaidi, mtu wa Kariakoo tangu babu zake, anakaanga vitumbua. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakuacha kugeuza vitumbua vyake.

"Koti limefungwa hadi hapa?" akajigusa shingo.

"Ndiyo, bibi."

"Alikuwa anavuta mkokoteni, wa mbele kama wewe. Wamebeba saruji, wanateremka huko huko Jangwani, mwenzake akaachia, mzigo ukamponda kifua akafa pale pale. Kama alichoka au alikusudia, nani ajuaye. Huyo mwenzake alikimbia hakuonekana tena. Tangu hapo huyo marehemu anawanywesha wa nyuma. Anataka kuona kama wote wako vile." Akanitazama. "Mlimwuliza marehemu ni nani?"

"Hatukuuliza."

"Mbona ndiyo adabu, mwanangu? Anayepewa sadaka anauliza jina. Mngemwuliza angelazimika kujitaja, na akishajitaja hawezi kumimina. Kuna vijana walimwuliza, birika likamwanguka mkononi. Nyie watoto wa siku hizi mnaona kikombe tu."

Nikamwambia basi Mungu ametusaidia, kwa sababu Shukuru alitapika yote.

Akaacha vitumbua vikaungua. "Na wewe je?"

Shukuru alirudi Newala. Analima korosho za mjomba wake. Tunapigiana simu, na ananiambia yuko salama, analala vizuri, anaimba kanisani. Kitu kimoja tu, hawezi kukiona kidole chake mwenyewe cha shahada bila kukumbuka. Hana hasira na mtu. Na namwamini, maana alitapika hadi ikaisha.

Mimi hakuna aliyenitia vidole kooni. Nilikuja kujaribu baadaye, na maji ya chumvi, na dawa za kila aina, lakini ilikuwa imeshakaa. Funda moja tu, la kulowesha ulimi. Nilipopona nilipata mwenzangu mpya wa mkokoteni, nikamwomba yeye akae mbele, sikutaka tena kuacha mgongo wangu wazi. Siku ya kwanza tulipofika Fire, mteremko ulipoanza, nilijilaza kwenye tairi kama Shukuru alivyokuwa anafanya. Nikaanza kusikia ndala za huyo mwenzangu mpya mbele yangu. Pa, pa, pa. Nikajiona nainuka. Nikajiona naweka bega kwenye mzigo. Nilirudi chini kwa kujing'ata mkono hadi ukatoa damu, na tulipofika Magomeni nikamwambia sifanyi tena kazi hii. Aliniona mwendawazimu. Yuko hai, hajui kwa nini.

Sasa nauza kamba na mifuko, natembeza, na sikai nyuma ya mtu. Nimekwambia yote haya ili ukipewa sadaka ujifunze kuuliza jina la marehemu kabla hujagusa kikombe, hata kama unakufa kwa kiu, na aliyekupa akikuuliza kwanza nani wa mbele na nani wa nyuma, usikae. Na jambo jingine. Ukiwa unashuka ngazi za moja ya magorofa ya Kariakoo, zile nyembamba zisizo na mahali pa kushika, na ukageuka ukaona nyuma yako kuna mtu ana mkono wa kulia uliopungukiwa kidole, usinisalimie. Jibane ukutani, nipishe nitangulie.